Watoto wa Marehemu Kaka

Walimwita Tai, wengine kwa sababu ya ile aliyofunga shingoni, wengine kwa sababu ya yule ndege. Alikuwa anapita zake tu mtaani pale alipomwona daktari wa meno na wakili, watu wazima na suti zao, wanakaribia kukunjana mashati kwa ajili ya nafasi moja ya kuegesha gari.

Zamani mtaa ule ulikuwa wa nyumba za chini na watu wa miguu. Sasa magorofa yalikuwa yameota pande zote, kila dirisha na gari lake, na juzi jiji lilikuwa limesimika kibao: KUANZIA MWEZI UJAO, MAEGESHO NI KWA WAKAZI WENYE KIBALI. Kibali kinatolewa wapi, kibao hakikusema. Tai alikisoma mara mbili, moyo ukimdunda kama wa mtu aliyepata barua ya mpenzi.

Kesho yake saa mbili kamili alitokea na kizibao cha njano, daftari na muhuri. Akamwendea fundi cherehani, mjane aliyepanga nyumba ya mwisho ya chini kwa miaka thelathini, na ambaye mwenye nyumba alikuwa amempa notisi ya kuhama ili naye ajenge gorofa.

"Mama, naomba uwe shangazi."

"Wa nani?"

"Wa wenye magari. Kibali ni cha wakazi wa zamani na ndugu zao. Wale ni wageni, kwa hiyo tutawaandika watoto wa kaka yako."

"Sina kaka."

"Unaye. Amefariki."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Mungu amrehemu. Na mimi napata nini?"

"Theluthi," alisema Tai, ambaye hakukusudia kumpa hata thumni.

Daktari wa meno ndiye aliyetangulia. Mwaka mzima alikuwa akipita pale barazani bila hata kupunga mkono. Siku hiyo aliinama mpaka miwani ikamdondoka. "Shikamoo shangazi!" Akasaini barua ya undugu, Tai akaigonga muhuri, akapokea bahasha ya pesa. Wakili akafuata, kisha mhandisi, kisha mwenye saluni. Kufikia Alhamisi marehemu alikuwa ameacha watoto kumi na tisa, wote wenye magari. Alikuwa mtu wa bidii.

Ijumaa Tai alikuja kuvuna bahasha za mwisho apotee. Akakuta baraza imejaa. Wale ndugu wote walikuwepo, na katikati yao mwenye nyumba, amekaa kwenye kigoda, amekunja uso.

"Karibu, bwana afisa," alisema fundi. "Nilikuwa nawaeleza hawa wanangu ulivyonishauri. Nikihamishwa mimi, si mkazi tena. Undugu unakufa, vibali vinakufa. Ndiyo maana ukakusanya michango, tulipie nyumba hii miaka mitano mbele. Kweli si kweli?"

Watu ishirini wakamgeukia Tai. Akitaka kusema si kweli, ilibidi aseme basi pesa zilikuwa za nini. Wakili alikuwa ameshafungua kalamu.

"Kweli," alisema Tai, sauti nyembamba kama uzi.

Mkoba wa bahasha ukatoka kwapani mwake. Mwenye nyumba alipoziona bahasha, gorofa lake likamtoka akilini. Akasaini mkataba mbele ya wakili. Tai akaaga kwa adabu zote, akakata kona, na kuanzia hapo akakimbia.

Mwezi ulipoingia, jiji likatangaza: kibali ni bure, kwa mkazi yeyote, mpya au wa zamani. Daktari wa meno alifika barazani, wakili nyuma yake.

"Mama, umetuibia! Tunakwenda polisi!"

"Nendeni, baba." Fundi hakuinua mguu kwenye cherehani. "Ila msisahau zile barua mlizosaini. Mtaulizwa marehemu baba yenu alikuwa nani, na kazikwa wapi."

Cherehani ikaendelea kuunguruma. Daktari akamtazama wakili. Wakili akawaza kidogo, kama msomi wa sheria anavyopaswa, kisha akavua kofia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo suruali imekulegea kiunoni. Lete nikupunguzie."