Pointi Kumi na Nane za Mkurugenzi

Mambo yalimharibikia Djibril siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1997, saa nne asubuhi, ingawa saa nne na dakika tano alikuwa bado anacheka.

Djibril wa mtaa wa Buyenzi alikuwa na mifuko imejaa karatasi za uongo. Moja tu ilikuwa ya kweli: perimi yake ya udereva, aliyoipata kwa kufanya mtihani kama watu. Mzee Shaabani alikuwa ameahidi kumpa teksi Jumamosi, na binti yake Soumaya baadaye, kwa sharti moja: kwanza aione hiyo perimi.

Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa mtaa wa Asiatique anakula karanga, huku akisoma gazeti la Ufaransa zilimofungiwa. Kumbe kule kila dereva hupewa pointi kumi na mbili. Kila kosa linakula pointi. Zikiisha, perimi inafutwa. Papo hapo gari la serikali likaegeshwa katikati ya njia. Akashuka Révérien, mkurugenzi wizarani.

"Pole, chef, mkubwa wangu," Djibril akamtania. "Kuegesha hivi ni pointi mbili."

"Pointi gani? We nani?"

"Sheria mupya, chef. Watu wadogo wanapata kumi na mbili. Zikiisha, perimi inalala miezi sita."

"Na wakubwa?"

"Wakubwa kumi na nane."

"Gélase wa ofisi ya pembeni ameshapata?"

"Bado."

"Basi nipe mi kwanza!"

Bei ya kadi ya pointi ilikuwa kidumu cha petroli. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimekausha vituo vyote vya mafuta. Wake za watu wenye uchungu wa kuzaa walipelekwa hospitali kwa mkokoteni, wengine wakachelewa. Magari ya wakubwa hayakulala na kiu hata siku moja. Djibril aliikata kadi kwenye boksi la sabuni, muhuri akauchonga kwenye soli ya kandambili yake. Kufika Alhamisi wakubwa walikuwa wanaoneshana kadi kama picha za watoto wao.

Ila Djibril alisahau kitu kimoja. Mkubwa akipewa cheo hawezi kukaa nacho kimya, lazima apate wa kumkalia. Ijumaa Révérien akatia saini waraka: asiye na kadi ana pointi sifuri, perimi yake iende Ofisi ya Pointi. Hakuuliza mtu kama sheria hiyo ipo. Kule juu nani huuliza?

Jumamosi Djibril alipanda pikipiki ya kuazima, kidumu kimoja nyuma, zawadi ya mzee. Hatua chache kabla ya kufika kwa Mzee Shaabani, polisi mmoja, Honoré, akamsimamisha.

"Perimi."

"Hii hapa, afande. Ya kweli kabisa!"

"Naona. Na kadi ya pointi?"

"Hiyo kitu ni uongo, afande!"

"Uongo?" Honoré akatoa waraka, kadi ya mfano imebandikwa juu. "Angalia muhuri. Mutu anaweza kuutengeneza nyumbani?"

Djibril akaitazama michirizi ya kandambili yake mwenyewe. Akisema ndiyo, jela. Akisema hapana, sifuri.

"Apana, afande."

"Basi perimi inalala miezi sita. Kidumu kinabaki, ni ushahidi. Perimi utaidai Ofisi ya Pointi."

Djibril akasukuma pikipiki mpaka mlangoni kwa Mzee Shaabani. Mzee alikuwa anazungusha ufunguo wa teksi kidoleni, Soumaya amesimama nyuma yake kavaa kitenge kipya.

"Karibu, mukwe. Perimi?"

"Iko Ofisi ya Pointi, baba."

Ufunguo ukaacha kuzunguka.

"Na hiyo ofisi, mukwe, iko wapi?"