Je, Bwana Utepe Anafaa?

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya kwa nchi! Redio ya kinyozi wa jirani haijanyamaza tangu asubuhi: chama kimempitisha diwani wetu, Bwana Utepe, agombee ubunge. Ubunge! Kata moja imemshinda, sasa anapewa jimbo zima.

Jina la Utepe tulimpa sisi wa mtaa huu. Kivuko cha zege mbele ya karakana yangu amekifungua mara tatu. Mkasi ulikuwepo, utepe ulikuwepo, wapiga picha walikuwepo. Kivuko ndicho hakikuwepo, na hakipo hadi leo. Najua kwa sababu vibao vyote vitatu vya ufunguzi niliviandika mimi, mchora mabango mwenye mkono safi kuliko wote upande huu wa soko.

Mtaro uko wazi. Mama yangu aliteleza humo mwaka jana akateguka mguu, na tangu hapo hajavuka. Miezi saba anakaa kwenye kiti mlangoni, akisalimiana kwa kupiga kelele na shoga yake, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Inaniuma sana. Mke wangu ameniuliza tena kwa nini mimi, mwenye mbao karakana nzima, nisiweke ubao mmoja tu. Nimemweleza tena kwamba nikiweka ubao nitakuwa nimemwokoa Utepe na aibu. Huu ni msimamo. Amesema msimamo ni wangu lakini anayeukalia ni mama.

Mpango uko tayari. Simtukani mtu, simshtaki mtu. Nitauliza tu. Kuuliza si ujinga.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imekwisha! Ukutani mwa karakana, upande wa barabara, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: JE, BWANA UTEPE ANAFAA UBUNGE? Herufi zina kimo cha mtoto wa darasa la pili. Kinyozi ametoka na mkasi mkononi kutazama, mteja wake akamfuata akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Chini ya swali nimeacha nafasi pana, nyeupe, safi. Wachoraji uchwara hujaza ukuta mpaka ukingoni. Maandishi bila nafasi hayapumui. Mke wangu ameuliza, je, mtu akiijaza? Nimecheka. Nani athubutu?

Jumatano, 6 Machi

Mtu amethubutu.

Kwenye nafasi yangu, NDIYO. Tena kwa rangi ya mlango! Rangi imechuruzika, herufi zimelala upande kama walevi, N mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Najua ni kazi ya nani. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye anayemshikia Utepe kipaza sauti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipanda ngazi kwenda kufuta. Naapa. Lakini nilipofika juu ile N ilinikera. Nikasema niinyooshe kwanza, ndipo nifute. Mtu hawezi kuacha N ya namna ile ukutani mwake hata kwa dakika moja. N ikanyooka. Sasa D ikaonekana mbaya kuliko mwanzo. Nikainyoosha. Nilipokuwa namalizia kivuli cha O nikasikia makofi.

Barabara nzima! Wauza mboga, kinyozi, shemeji, na Utepe mwenyewe katikati, anatabasamu meno yote. Amenishika mkono nikiwa bado ngazini. Picha zimepigwa. Amesema hajapata kuona mwananchi anayeuliza kwa uwazi na kujibu kwa ujasiri namna hii.

Mama, kutoka kwenye kiti chake, ameuliza kwa sauti kama swali la kivuko nalo limejibiwa. Utepe amempungia mkono.

Ijumaa, 8 Machi

Nimebadili mbinu. Ukuta hauna mdomo, mimi ninao. Leo kulikuwa na mkutano wa kampeni uwanjani, nami nimekwenda na maswali saba kwenye karatasi, yamepangwa kutoka dogo mpaka kubwa.

Shemeji aliponiona alitangaza kwamba yule fundi wa Swali na Jibu amefika. Makofi. Kabla sijafungua karatasi nimevalishwa kofia ya chama. Nikaona nisipoteze muda na madogo, nikarukia la saba: mtu aliyefungua kivuko mara tatu bila kukijenga hata mara moja, ubunge atauweza?

Nikajua nimemmaliza!

Utepe alishusha pumzi kwa huzuni. Akasema swali hilo nalo humkosesha usingizi. Diwani ni mtu mdogo, akasema, mikono yake imefungwa, kazi yake ni kufungua tu. Mbunge ndiye anayejenga. Basi wampe ubunge waone. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Yaani kushindwa kwake ndiyo sababu ya kumpandisha! Nimejikuta nami napiga makofi, mawili tu, kwa ajili ya mpangilio wa hoja.

Kofia nimeivua nilipofika nyumbani. Ni nzuri lakini. Inazuia rangi kudondokea nywele.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata! Nilikuwa nimelalia ushahidi muda wote.

Vile vibao vya ufunguzi ninavyo vyote vitatu. Utepe huvirudisha karakana kila baada ya sherehe, eti visinyeshewe. Mbao nene, fremu za chuma. Miaka mitatu tofauti, kivuko kilekile, KIMEFUNGULIWA NA MHESHIMIWA. Kesho saa nne, watu wakienda sokoni, navianika vyote mlangoni. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimemwambia kinyozi atangaze kwamba kesho saa nne kuna jambo kubwa kwenye mtaro. Kumwambia kinyozi ni sawa na kuweka redioni.

Mke wangu amevipima vibao kwa macho, kisha akaupima mtaro. Ameomba nimwazime mama vibao hivyo avukie, hata kwa saa moja. Nimekataa. Ushahidi haukanyagwi!

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili nilikwenda kununua tapentaini ya kung'arishia vibao. Kurudi, vibao hakuna. Kiti cha mama kitupu. Nikachungulia mtaroni nikidhani ameanguka tena.

Vibao vilikuwa juu ya mtaro, vyote vitatu, vimebanana vizuri, vimefungwa kwa waya. Na ng'ambo, kwenye baraza la fundi cherehani, mama yangu ameketi, amenyoosha mguu wake, anacheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa nguo. Miezi saba sijamsikia akicheka hivyo. Ilikuwa kazi ya robo saa. Mke wangu na yule fundi wameifanya wakiongea habari nyingine.

Maandishi wameyalaza chini. Mama alisema rangi inateleza. Inateleza kwa sababu ni rangi bora.

Ningefurahi mpaka jioni, ila saa nne ikafika na umati wa kinyozi ukafika. Na Utepe, maana shemeji naye hunyolewa palepale. Aliona kivuko. Aliona umati. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na mkasi. Huyu mtu hutembea na mkasi! Amekifungua mara ya nne akisifu nguvu za wananchi, kisha akanigeukia akisema kimekosekana kibao tu.

Nimemwambia atakipata kesho. Je, ningemwachia mtu mwingine aandike?

Jumanne, 12 Machi

Nimetafakari siku mbili. Mbinu hazikuwa na kasoro. Tulikosea mtu wa kuulizwa, basi. Utepe akienda bungeni, kiti cha udiwani kinabaki wazi, na nani anakijua kile kivuko kuliko mimi?

Nilitaka kumpa mama habari hizi awe wa kwanza, lakini siku hizi hakamatiki nyumbani. Nimempigia kelele ng'ambo ya barabara. Amejibu kwamba kura yake ninayo, mradi niape kutokigusa kivuko.

Ukuta nimeupaka chokaa upya. Herufi nyekundu, kivuli cheusi: JE, MCHORA MABANGO ANAFAA UDIWANI? Chini yake nimeacha nafasi pana kuliko ile ya kwanza. Mke wangu ameitazama sana, kisha akaniuliza kama nina hakika na watakachojaza humo. Nimemwambia wananchi wana macho. Ngazi nimeiacha hapohapo ukutani, na kopo la rangi, na brashi iliyooshwa.

Na wakiandika vibaya, nitapanda niwanyooshee herufi.