Hotuba ya Kuzindua Mafuta ya Kunukishia Mishumaa

Mwenyekiti wa kikao, makamu wake, wakuu wa idara, kaimu wakuu wa idara, wasaidizi wa makaimu, mke wangu mpendwa, mama mkwe wangu ambaye nyusi zake zinaendelea kuota vizuri (kicheko, mama mkwe anageukia ukutani), nanyi akina mama wa kikundi cha mishumaa, hamjambo? Hamjambo tena? (Watu: “Hatujambo, jua tu!”)

Mimi, Mratibu Mkuu wa Manukato ya Majumbani, baada ya upembuzi yakinifu na mchakato shirikishi wa kujishirikisha mwenyewe, niliamua kuufanyia majaribio mshumaa wa kunukia katika mazingira halisi, yaani nyumbani kwangu. Wataalamu walishauri tutafute mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Nikasema, kiongozi hasubiri duka lifunguliwe! Nikachukua marashi ya mke wangu, chupa nzima, nikayamimina kwenye nta, sufuria ikiwa bado motoni. (Mke wake: “Na hukuniomba!”) Wakati huo mama mkwe alikuwa ameinama ananusa. Moto ulipolipuka, tulipoteza mapazia asilimia mia moja na nyusi asilimia hamsini. (Mama mkwe: “Zote, baba! Zote!”) Takwimu zimeboreshwa, asante mama.

Kutokana na mafanikio hayo makubwa, sera yetu sasa inaelekeza kwamba marashi yenye spiriti yasikaribie jiko, nta iepuliwe na kupoa kidogo kabla ya kutiwa mafuta, ikorogwe taratibu, wala mtu asizidishe mafuta kwa tamaa ya harufu, kwa sababu mshumaa utatoka jasho na utambi utazama. (Makofi machache.)

(Mwenyekiti wa kikundi anasimama: “Mheshimiwa, tulikuachia chumba chetu cha kazi uweke hiyo ofisi ya mradi. Sisi tunayeyushia nta barazani, upepo unatuzimia jiko, wateja wanatukimbia. Hayo mafuta yako wapi?”)

Swali zuri sana, dada yangu, linaonyesha mwamko. Mafuta yako katika hatua za mwisho za kuanza kuanza. Kamati ilipendekeza waridi, asumini na mdalasini, lakini mimi nikaongeza ya nne, harufu ya uongozi bora! (Sauti kutoka nyuma: “Yako tunaisikia hadi huku!” Kicheko kirefu.)

Mshumaa! Mnaitikia, “Unukie!” Mshumaa! (Watu: “Chumba chetu!”)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi aliyechora bango hili zuri, kwani zaidi ya bango, mradi huu haujawahi kuwa na kitu kingine, si mafuta, si semina, wala hiyo ofisi. Na kwa moyo wa dhati nawashukuru akina mama kwa chumba, maana tangu mapazia yale yaungue mke wangu hanifungulii mlango, na humo nalala vizuri mno. Asanteni kwa kunisi…

(Akina mama wameshaingia chumbani. Godoro linatangulia kutoka.)