Chungu cha Miaka Elfu na Juzi

Mdomo Asali alisimama ghafla uani kwa nyumba ya wageni, maana alichokiona hakikuwa kazi ya mtu mwenye akili timamu. Mtafiti wa mambo ya kale, mwanamke wa makamo, alikuwa ameinamia karai, anasugua vipande vya vyungu kwa mswaki, kisha anavifunga kwenye karatasi laini kama mayai.

"Anayebembeleza magae hivi," mjanja wetu akajisemea, "chungu kizima si atakioa?"

Na shida alikuwa nayo kweli. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake, akaapa kubaki huko mpaka mume apate riziki bila kumdanganya mtu. Mdomo Asali akaamua kudanganya mara ya mwisho tu, apate mtaji wa kuanzia uaminifu. Uaminifu nao una gharama zake, jamani.

Mama mkwe alikuwa mfinyanzi. Chungu kikatoweka barazani kwake, kikalowekwa kwenye majani ya chai, kikapakwa masizi, kikazikwa, kikafufuliwa.

"Kina miaka elfu, dada yangu. Ukipunguza hata mmoja, unakitukana."

Mtafiti akakinusa. "Wazee wetu walikunywa chai?"

"Mno! Walikuwa watu wa starehe."

Akapapasa ndani, akatazama ukingo kwa kioo cha kukuzia, uso ukamchangamka. "Mfinyanzi wake ni wa mkono wa kushoto. Ukingo kaubonyeza kwa gumba lenye kovu, na udongo kauchanganya na magae yaliyosagwa. Kimoja sikinunui. Nipeleke kilipotoka, penye magae mengi, utalipwa vizuri."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kulikuwa na lundo la magae, basi akampeleka huko siku ya soko, maana mwenyewe hushinda sokoni. Ila siku hiyo hakwenda. Chungu chake cha kuuza kiliibwa, kwa hiyo alikuwa amebaki anafinyanga kingine, gumba la kushoto ukingoni.

"Afadhali kimerudi, mkwe wangu," akasema, akikitazama mikononi mwa Mdomo Asali. "Nani kakipaka uchafu huu?"

"Mkweo anasema kina miaka elfu," mtafiti akacheka.

"Ee! Na mimi niliyekifinyanga, nina mingapi?"

Mdomo ukakauka asali yote.

"Chungu ni cha juzi, mama," mtafiti akasema, "lakini mkono ni wa zamani. Magae yangu yana alama hizi hizi. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Naye mama yake."

"Nifundishe na mimi, nitakulipa."

"Ulisema mimi nitalipwa!" Mdomo Asali akalalamika.

"Utalipwa, baba," mama mkwe akamjibu, akimkabidhi mchi. "Magae hayajisagi."

Akatwanga mpaka mikono ikawaka moto. Mkewe akamletea chakula kwenye kipande cha chungu.

"Mfinyanzi hulia gaeni, mume wangu."

Moyo ukamlainika, alikuwa amemkumbuka sana. "Haya, leo nimepata riziki na sijamdanganya mtu. Unarudi lini nyumbani?"

"Lundo hili likiisha."

Akageuka kulipima kwa macho. Kule kwenye moto wa kuchomea vyungu, kingine cha mama mkwe kikapasuka: pwaa!