Kivuli Kilichonitaja kwa Otuoma

Wenzangu mlioko Homa Bay, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na suruali nilikuwa nimevaa.

Mnajua shimo la dhahabu la Otuoma hapa Osiri lilivyotufunika. Watatu tulizika. Mimi nilitoka, pua ikabaki. (Ukiniangalia kutoka mbele, ni mzee wa kawaida. Kutoka kando, uso wangu ni ukuta.) Wiki jana watu wa video wakaniomba niseme nani alitoa nguzo zilizoshikilia shimo. Nikakubali, lakini nyumba yangu iko kwa shamba la Otuoma. Akijua ni mimi, nalala nje na watoto.

Basi tukaenda kujificha Ndhiwa, kwa shemeji yangu. Yule wa taa, Fredi, akafunika dirisha na blanketi, akaweka taa moja kubwa nyuma yangu. Mbele, giza.

"Taa ikikaa mbele inatoa uso," akanieleza. "Ikikaa nyuma inatoa umbo peke yake. Ukinitazama hivi, mzee, wewe ni chungu tu. Lakini usigeuke."

"Nigeuke niende wapi?"

Nikaanza. Shingo inachomeka, sauti nimeifinya, naongea. Nikafika penyewe: "Nguzo zilitolewa na Ojwang', na aliyemtuma ni..."

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Amekuja kuchukua sufuria.

Sasa nyinyi ni Wajaluo, niambieni. Mtu anamkodolea maro, mama wa mke wake, macho? Nikageuza uso kando, kwa heshima, vile baba alinifunza. Mdomo nao haukusimama.

"...Otuoma."

Fredi hakuona kitu. Alikuwa anamwamkia mama.

Leo mchana wale wa video wakaleta kaseti na televisheni kanisani. Osiri yote ikajaa. Otuoma benchi ya mbele, Ojwang' kando yake (hao hawakosi kanisa). Mimi nikakaa nyuma, nimetulia kama mgeni.

Kichwa cheusi kikatokea.

"Ni nani huyo?"

"Huyo ni mtu wa Karungu. Sikia sauti."

Nikafurahi. Hata mimi nikasema, "Wa Karungu kabisa."

Halafu kichwa kikageuka. Taa ikachora paji, ikashuka moja kwa moja mpaka mdomoni, bila kituo.

Kisha nyanya mmoja akasema polepole, "Si huyo ni Ouma?"

Kanisa lote likanigeukia. Wakacheka mpaka pasta akakaa chini. Otuoma hakucheka. Alikuja akanishika mkono kama ndugu.

"Jaduong' Ouma, mzee wangu, umeongea vizuri. Mabati ni yako, yatoe. Udongo ni wangu."

Naandika hii nimekalia mabati yangu kando ya barabara, watoto wanauliza tunangoja nani. Anayetaka kucheka acheke, mradi akimaliza awaambie watu wa huko: Otuoma alituma, Ojwang' akatoa nguzo. Hayo majina nimeyalipia nyumba nzima. Wacheni niyatumie mpaka yachakae.