Redempta Binti Shija na Vita vya Sauti ya La

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, na ninyi mnaokoroga uji acheni mwiko humo humo sufuriani! Mwenye redio na aizime, mwenye kikohozi na akimalize, kwa maana habari hii haifai kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari ya Redempta binti Shija, mponya redio wa mtaa wa Majengo, mwanamke asiyetetemeka mbele ya waya wenye umeme, jinsi alivyoingia vitani na kidude kisichozidi ganda la karanga, akapigana nacho siku kumi na moja, na mwishowe akakilazimisha kutoa sauti. Sauti moja tu, wapendwa. Lakini sauti gani!

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili, zama ambazo milango ya biashara ilikwisha kufunguliwa, na mji wa Sumbawanga ukajaa redio za kila namna, zenye taa za rangi na spika kubwa, zilizofika zikiimba na kunyamaza kabla mwaka haujageuka. Hapo ndipo jina la Redempta lilipopaa. Alikuwa mzaliwa wa Milepa, kule bondeni, wa wazazi Wasukuma waliofika na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kaka zake walirithi fimbo, naye akarithi ule udadisi wa baba yake wa kufungua kila kitu kilichofungwa. Mchana alitibu redio. Jumanne na Alhamisi jioni aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, chini ya mkono wa Mwalimu Zenon, jemadari wa nyimbo, mwenye koti la kahawia na nyusi zinazopanda pamoja na soprano.

Basi msiba uliipata kwaya ile. Walikuwa wakirudi kutoka Wampembe walikokwenda kuimba kwenye upadrisho, lori likakwama katika tope, wote wakashuka kusukuma. Na katika kusukuma huko uma wa sauti ukachomoka mfukoni mwa Mwalimu Zenon, ukazama, usionekane tena. Uma wa sauti ni kile chuma cha ncha mbili ambacho kikigongwa hutoa la, sauti ambayo mwalimu huanzia ili kila mmoja ajue pa kusimama. Zenon aliachiwa uma huo na padre mmoja mzungu miaka ishirini na sita nyuma. Barua iliandikwa Mbeya kutafuta mwingine. Mbeya wakajibu kwamba ziko Dar es Salaam. Dar es Salaam hawakujibu.

Tangu siku hiyo Zenon alianzisha nyimbo kwa koo lake mwenyewe. Jumanne alianza juu mno, soprano wakafika katikati ya wimbo wakipiga kelele kama bawaba kavu. Alhamisi akaanza chini mno, besi wakanguruma kama lori lile lile la Wampembe. Na mashindano ya kwaya kule Namanyere yalikuwa yamebaki majuma matatu!

Ndipo Redempta aliposimama katikati ya mazoezi, akashika daftari lake la nyimbo kama ngao, akanena:

"Shikamoo Mwalimu. Nawaomba radhi wakubwa na wadogo wa kwaya hii. Uma umezama, na tope halirudishi kitu. Lakini mimi ninaweza kutengeneza kijisanduku chenye betri na spika ndogo, ukibonyeza kitufe kinatoa la, mvua inyeshe, jua liwake. Nipeni majuma mawili."

Zenon akaziinua nyusi zake hadi zilipokwisha.

"Marahaba, binti Shija. Miaka ishirini na sita nimewaongoza watu hawa, na leo kisanduku kinifundishe la? Haya! Kilete kwa masista, tukipime na kinanda cha Sista Hellena, ambacho hakijawahi kusema uongo. Kikilingana nacho nitakibeba Namanyere kwa mikono yangu miwili. Kisipolingana, redio zinakutosha."

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya, ila wakacheka. Na kicheko hicho Redempta alitembea nacho mpaka nyumbani.

Asubuhi akamwendea Ipyana, karani wa ofisi ya ardhi, kijana aliyetoka Mbeya na kompyuta ya mtumba ambayo kioo chake kilikuwa na rangi ya kijani upande mmoja. Ipyana ndiye aliyemfundisha Besiki, lugha ya kuiamuru kompyuta, miaka miwili nyuma, na kwa Besiki hiyo Redempta alikwisha kuzifanya chipu, zile kompyuta ndogo za kupandikizwa kwenye vifaa, ziwashe taa na kulia kama kengele. Alijiona malkia wa Besiki. Kwa mistari mitano tu akaandika: sukuma spika, subiri, vuta spika, subiri, rudi mwanzo. Akaihamishia kwenye chipu, akaunganisha betri.

Spika ikalia. Redempta akaimba do, re, mi juu yake, akakunja uso. Ilikuwa juu mno. Akaongeza muda wa kusubiri hatua moja. Ikaporomoka, ikawa chini mno, kama mtu aliyekosea ngazi gizani.

"Dada Redempta," Ipyana akasema, akivuta kiti, "Besiki hii inahesabu kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Moja, au mbili. Nusu haina. Hiyo la yako iko katikati, ni sehemu moja na kitu kidogo."

"Sasa nifanyeje?"

Ipyana akashusha sauti, kana kwamba ukuta una masikio. "Kuna asembli. Ndiyo lugha yenyewe ya chipu. Humo unahesabu kwa sehemu ya milioni moja ya sekunde. Mimi niliigusa mara moja chuoni, nikaiacha. Mshikaji wangu alinipa kitabu chake cha fotokopi. Chukua. Ila usije ukanilaumu."

Hapo, enyi wasikivu, ndipo vita vilipoanza kwa kweli. Maana Besiki ni lugha ya mtu mzima kwa mtu mzima: unasema subiri, na chipu inasubiri. Asembli ina amri thelathini na tano, na hakuna hata moja iitwayo subiri. Chipu haijui kusubiri. Inabidi uiambie: chukua namba hii, iweke mahali hapa, punguza moja, tazama kama imekwisha, kama bado rudi ukapunguze tena. Ni kama kumfundisha mgeni kunywa chai kwa kumwambia nyanyua mkono, kunja vidole, fungua mdomo, meza; na ukisahau kumwambia ameze, anakaa hivyo hivyo na chai mdomoni mpaka kesho.

Shambulio la kwanza lilichukua siku nne, na adui alijibu kwa ukimya. Hata mkwaruzo haukusikika. Redempta akabadilisha betri, akabadilisha spika, akaituhumu chipu, akamtuhumu na Ipyana. Siku ya nne, akiwa amesahau chai yake mpaka imeota utando, akaona kwenye ukurasa wa fotokopi uliofifia kwamba mguu wa chipu, ule unaoshika waya wa spika, hautoi kitu mpaka uuambie kwanza kuwa kazi yake ni kutoa. Besiki ilikuwa ikimfanyia hilo miaka yote miwili bila kumwambia! Akajisikia kama mke wa bosi siku mpishi wake alipoacha kazi.

Shambulio la pili akalipanga kwa kalamu. Kila mzunguko wa kuhesabu ulikula sehemu tatu za milioni za sekunde, na la ilitaka subira ya sehemu elfu moja mia moja thelathini na kitu; kwa hiyo mizunguko mia tatu sabini na nane ingefika penyewe. Akaandika 378. Akaunganisha betri kwa mkono wa ushindi. Lo! Spika ikatoa mlio mwembamba, mkali, wa kutoboa, hata kuku wa jirani wakakimbia na mzee mmoja aliyeleta redio yake akauliza kama kuna kitu kinaungua.

Redempta akazima. Akaketi. Akakifunga kile kitabu cha fotokopi kwa kamba ili akirudishe, na macho yake yalikuwa na maji, ingawa angekuambia ni moshi wa risasi ya kulehemu. Alikuwa amezoea redio, ambayo ikikataa, unajua imechoka. Chipu hii haikuchoka. Ilifanya alichosema, neno kwa neno, na alichosema kilikuwa kosa.

Akaifungua kamba.

Kosa alilipata kabla ya adhuhuri. Chumba cha namba ndani ya chipu ile hakipokei zaidi ya mia mbili hamsini na tano. Alipokishindilia mia tatu sabini na nane, kilipojaa kilijimwaga chote na kuanza upya kutoka sifuri, kikaishia na mia moja ishirini na mbili, na spika ikapiga mbio mara tatu ya kasi aliyoitaka. Sasa afanyeje, ikiwa namba inayotoshea ni ndogo na muda anaoutaka ni mrefu? Akazipitia amri zote thelathini na tano kama jemadari anayekagua askari waliobaki, na mwisho wa ukurasa akakutana na moja ambayo siku zote aliipita kwa dharau: nop. Maana yake, usifanye kitu. Akaisoma mara mbili. Nani aandike amri ya kutofanya kitu? Kisha akakumbuka mapumziko katika karatasi za nyimbo, yale ambayo Zenon huwagombeza wakiyaruka, akacheka peke yake. Akatia nop mbili katika kila mzunguko. Sasa kila mzunguko ulikula sehemu tano, na mizunguko mia mbili ishirini na saba ikaenea chumbani bila kumwagika.

Jumamosi saa tatu asubuhi, upepo baridi wa Ufipa ukimpiga usoni, Redempta akapanda baiskeli hadi kwa masista. Zenon alikuwapo tayari, na koti lake. Sista Hellena, mlinzi wa kinanda, akakanyaga mifuo ya kukipa kinanda upepo, akabonyeza la. Redempta akabonyeza kitufe.

Sauti mbili zikakutana, zikatetemeka. Wo-wo-wo-wo. Mara mbili kwa kila sekunde.

"Zinagombana," Sista Hellena akasema kwa upole.

"Ni karibu, lakini karibu si penyewe," akasema Zenon.

Redempta akapanda baiskeli, akarudi Majengo, akaongeza mzunguko mmoja, akarejea akihema. Ugomvi ukawa mkali maradufu. Sista akafumba macho kama mtu aliyeng'ata ndimu.

Hapo Zenon akashindwa kujizuia. Alikuwa amekuja kuhukumu, lakini sikio lake halikukubali kukaa benchi. "Umekwenda chini, binti! Hukusikia? Panda, usishuke!"

Redempta akaenda tena, safari hii akapunguza mizunguko miwili. Aliporudi, sauti zile zilitulia, zikainuka na kushuka polepole, pumzi moja kwa sekunde nne, kama mtoto aliyelala.

"Bado unywele," Zenon akanong'ona. "Uko chini kwa unywele mmoja."

Unywele mmoja! Redempta alijua unywele huo unaitwaje. Akaenda mara ya nne, na nje ya ule mzunguko, palipokuwa na nop moja aliyoiweka ya kuzibia, akaifuta. Subira ikapungua sehemu moja ya milioni ya sekunde. Akarejea kwa masista. Akabonyeza.

Kinanda kikaimba, kisanduku kikaimba, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Sista akainua kidole kutoka kwenye kinanda ili kuhakikisha. La ikabaki, nyembamba, ya spika ya redio ya mfukoni, haitikisiki.

Kisha Zenon akakichukua kile kisanduku, akakigeuza, akakiweka sikioni.

"Redempta," akasema, na hakusema binti Shija, "miaka ishirini na sita watu wananisifu kwamba Zenon ana la kichwani. Sikuwa nayo kichwani. Ilikuwa mfukoni. Tangu lile tope nabahatisha, na kila Alhamisi naomba Mungu wasijue."

"Sikio lako ndilo limeniambia nipande au nishuke, Mwalimu. Kisanduku hakikujua."

"Haya," akasema Zenon, akikohoa. "Nionyeshe betri inabadilishwaje."

Na iandikwe, na wenye kalamu wasichelewe: Jumapili ya mashindano, mbele ya parokia sita na mkuu wa wilaya na mbuzi wawili wa zawadi, Mwalimu Zenon hakukificha kisanduku katika koti. Alikiinua juu, watu wote wakione, akakibonyeza kwa kidole gumba, na la ikatoka juu ya uwanja wa Namanyere. Kwaya yake ikashika nafasi ya nne, kwa kuwa kwaya ya walimu wa Kirando ilikuja na ngoma. Lakini tarumbeta zipigwe na vizazi vihesabiwe toka siku hiyo! Kwa maana wimbo ulipofika kwenye ile noti ya juu ya ubeti wa tatu, ambako kwa muda mrefu wengi walipotea, soprano kumi na mmoja walipanda, wakafika wote, na wakashuka wote salama.