Mafuta ya Magoti ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Suruali niliyovaa ninapoandika haya ina mshono wake, nyuma, pale pale mnapopafikiria. Nawaeleza mapema kwa sababu kesho Metrine, mke wangu, atawaeleza kwa njia yake, na hapo nitaonekana mbaya zaidi.

Kwa wale wageni kwenye hii grupu: nafanya kazi kwenye duka la hardware Riruta Satellite. Nauza misumari, rangi, makufuli. Mbali na hapo mimi ni daktari. (Shahada niliipata kwenye simu, kitandani, nikiwa nimejifunika blanketi.) Ukiniambia una kiungulia, nina jibu. Ukiniambia huna, bado nina jibu.

Mama mkwe wangu ni fundi wa nguo huko Kianda, Kibera. Ana kibanda chake na cherehani ya kukanyaga aliyoinunua wakati Metrine bado anatambaa, na kwa hiyo cherehani ameshona sare za nusu ya watoto wa Kibera. Mwaka jana magoti yakaanza kumsumbua. Kliniki wakamwambia ni arthritis, ugonjwa wa viungo. Akishinda akikanyaga, jioni kuinuka kwenye kiti ni shida. Akaanza kuongea mambo ya kufunga kibanda arudi nyumbani magharibi akafuge kuku. Metrine naye akaanza kulia jikoni akidhani simsikii. Hao wawili huambiana siri zote, akienda mama yake, Metrine hana mtu mwingine wa kumwambia ubaya wangu.

Basi daktari nikaingia kazini. Nilikuwa nimesoma kuhusu CBD. (Si ile ya katikati ya mji yenye askari wa kanjo. Hii ni mafuta yanayotolewa kwenye mmea wa bangi, na jamaa wa Kawangware aliyeniuzia aliniapia kwamba hayalewishi.) Unadondosha chini ya ulimi, unangoja, maumivu yanaondoka. Mahali fulani waliandika kwamba kwa arthritis bado haijathibitishwa vizuri, kuna wanaosema yamewasaidia na kuna ambao hawakuona kitu. Hiyo sehemu niliiruka. Nikanunua kichupa. Bei siandiki, Metrine anasoma hapa.

Sasa, wasio Waluhya waelewe kitu kimoja. Mimi na mama mkwe hatusalimiani kwa mkono. Hatukai kochi moja. Tukilazimika kuongea, kila mtu anaangalia upande wake. Kwa hivyo kumuuliza habari za magoti ni jambo lisilowezekana. Goti ni mguu, na kwangu mimi mama mkwe hana miguu. Nikampa Metrine kichupa, Metrine akampelekea mama yake, akarudi na ujumbe kwamba mama amesema asante na Mungu anibariki. Ikaisha hapo. Sikuuliza, sikuambiwa.

Baada ya miezi miwili nikamwona akipanda kile kilima cha kwenda Olympic na furushi la sare begani, bila kusimama. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kibanda cha mandazi, kwa heshima, lakini niliona vizuri. Na hakuna aliyetaja tena kuku wa magharibi. Kusema kweli siku hiyo nilitembea nikiwa mrefu. Kwa miaka yote niliyooa kwao, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya kikafanya kazi.

Mnajua kilichofuata kwa sababu niliwasumbua nyinyi wenyewe. Niliposti kwamba mama mkwe wangu ni ushahidi unaotembea. Dukani nilihubiri kutoka kufungua hadi kufunga. Aliyenisikiliza kuliko wote ni bosi wangu, Mzee Njuguna, ambaye magoti yake yanalia kuliko mlango wa stoo. Wiki jana akaniambia ameachana na vidonge vya hospitali, anangoja nimletee mafuta. Hapo roho ilinidunda kidogo. (Kidogo tu. Daktari hatetemeki.)

Lakini Mzee hanunui msumari bila kujaribu kuukunja. Leo asubuhi akafunga duka, akavaa koti, akaniambia, "Wafula, twende nimwone huyo mama na macho yangu."

Kabla ya kupanda boda nilimweleza desturi zetu zote, na tuliposhuka Kianda nikarudia. Asiguse mambo ya miguu nikiwa karibu. Aulize mambo ya afya kwa ujumla. Mzee alikubali kila neno, akasema hata yeye ni mkwe wa watu.

Mpango wangu ulikuwa kubaki nje. Lakini kibanda kina ngazi moja ndefu mlangoni, Mzee hangeweza kuipanda bila kushikwa mkono, na nilipomaliza kumpandisha nikajikuta nami niko ndani. Kibanda chenyewe ni kidogo. Kulikuwa na mama mkwe kwenye cherehani, akina mama wawili kwenye benchi wakingoja sare, na sweta za shule zimetundikwa ukuta mzima. Mama mkwe, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, akasema, "Karibu, Baba Trevor." Alikuwa anaangalia kitambaa. Nikajibu nikiangalia sweta.

Mzee akaketi. Hata hakungoja pumzi irudi.

"Mama, mimi nimetoka Satellite juu ya hayo magoti yako. Huyu kijana amesema yamepona kabisa. Hebu yaonyeshe kidogo nione."

Cherehani ikasimama. Mimi nikafanya kitu pekee ambacho mwanaume aliyelelewa vizuri angefanya. Niligeuka nikaelekea ukuta, pua ndani ya sweta ya kijani ya mtoto wa darasa la kwanza, nikabaki hapo. Kila kitu kilichofuata nilikisikia nikiwa kwenye hiyo sweta.

Nikamsikia mama mkwe akiweka mkasi chini. Halafu akaongea polepole, kama mtu anayekiri kanisani. "Mzee, sitakudanganya. Hayo mafuta sikuwahi kuyaweka mdomoni."

Alieleza yote. Kichupa kilikuwa na picha ya jani. Yeye ni kiongozi wa akina mama kanisani na ameishi Kibera miaka mingi, hilo jani haambiwi ni la nini. Kurudisha zawadi ya mkwe haiwezekani. Kuitupa ni dharau. Kumpa jirani ni kumtafutia polisi. Kichupa kikakaa juu ya cherehani wiki nzima, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Na hiyo cherehani ilikuwa imekauka siku nyingi, pedali ngumu, inapiga kelele hadi barabarani.

"Nikasema basi acha ifanye kazi ya Mungu. Nikawa naiwekea matone matatu asubuhi na matatu jioni, vile karatasi ilisema. Pedali ikalainika. Zamani nilikuwa nakanyaga na mwili wote. Siku hizi nagusa tu. Magoti nayo yakapata kupumzika." Akaongeza, "Na vidonge vya kliniki sijawahi kuacha. Wewe umeacha?"

Kwenye benchi mmoja wa wale akina mama alianza kukohoa. Hakuwa na kikohozi.

Nikaona heri niondoke. Lakini singeweza kugeuka, kwa sababu sikujua kama magoti yalikuwa yameonyeshwa au la. Nikaenda upande upande, uso ukutani, sweta moja baada ya nyingine, nikiutafuta mlango kwa mkono wa kushoto. Kwenye fremu ya mlango kuna msumari wa inchi tatu. Naujua vizuri. Niliupigilia mwenyewe Krismasi iliyopita ili mama mkwe apate pa kutundika mwavuli.

Kitambaa kilipasuka kwa mpigo mmoja, kutoka mshipi kwenda chini. Watu wote wanne walisikia. Mama wa kikohozi akatoka nje na leso mdomoni.

Sasa niambieni nyinyi mngefanya nini. Kianda mchana, shule ziko karibu kuwafungulia watoto wa chekechea, na boda ya kwenda Satellite iko mbali. Mama mkwe akaongea na kitambaa chake, "Baba Trevor asitoke hivyo. Aingie nyuma ya pazia, avue."

Nikavua. Suruali ikapita kutoka kwangu kwenda kwa Mzee, kutoka kwa Mzee kwenda kwa yule mama aliyebaki, kutoka kwake hadi kwenye cherehani, ili isionekane kwamba nimempa mama mkwe suruali yangu kwa mkono wangu. Kwa upande wangu nikapitishiwa sketi ya marinda ya wasichana wa sekondari. (Ilinitosha. Hilo pia sijalipenda.)

Halafu akaanza kushona. Kwa miaka mingi nimeijua hiyo cherehani kwa kelele, ungeisikia kabla hujaona kibanda. Leo haikutoa hata mlio. Nilisimama nyuma ya pazia nimevaa sketi, nikisikiliza CBD ikifanya kazi.

Na hapo, nisiwafiche, nilifurahi. Nilikuwa nimeaibika hadi masikio yanawaka, lakini nilifurahi. Mama alikuwa anakanyaga bila kuguna. Haendi popote.

Upande wa pili wa pazia nikamsikia Mzee akiomba maji. Vidonge alikuwa navyo mfukoni mwa koti muda wote. Akameza viwili, akashukuru, akauliza kama anaweza kushonewa kaptura.

Tukarudi Satellite, mimi na Mzee. Alipofungua duka alienda moja kwa moja kwenye rafu ya pili, akashika kichupa kidogo cha plastiki, akakiweka mbele yangu kwenye kaunta. Mafuta ya cherehani. Akaniuliza tumeyauza tangu lini. Nikamwambia tangu siku niliyoajiriwa. Mimi ndiye huyapanga.

Sasa hivi Metrine amepiga simu. Alicheka kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akaongea. Anasema wazee wa kwao wamesikia mambo ya suruali, na kuosha hilo kosa lazima nimpelekee mama yake jogoo na mtetea, wote wakiwa hai.

Kwa hivyo mama atafuga kuku, lakini atawafugia Kianda. Msicheke sana, natafuta tenga la kuwabebea.